Kufyeka Bustani za Mteremkoni

Katika miji ya vilima ya Uingereza, kama Sheffield na Bristol, nyumba nyingi zimejengwa ubavuni mwa mlima, na bustani ya nyuma huteremka kama paa la makuti. Ikiachwa bila kuangaliwa, hujaa miiba ile itambaayo, izaayo matunda meusi mwishoni mwa majira ya joto. Mzee hawezi tena, kijana huazima mashine, na kazi huanza bila maelezo. Yafaa basi tuelezane, kwani mashine hii ni msaada mkubwa, lakini penye mteremko haina msamaha.

Waliokulia Unguja, Pemba au Tanga wanajua fyekeo na panga. Mashine ya kufyekea ni ufito mrefu wenye mota, na mwishoni mwake huzunguka kamba ya nailoni au kisahani cha chuma. Ile ya kamba ilibuniwa mjini Houston, Marekani, mwaka 1971 na George Ballas. Wazo alilipata kwa kutazama brashi za mahali pa kuoshea magari. Akajaribu kwa kopo la bati na uzi wa kuvulia samaki. Kamba yafaa kwa majani laini. Miiba minene yataka kisahani.

Kabla ya kuwasha, pita kwa miguu uokote mawe, chupa na nyaya zilizofichika. Vaa buti zenye meno, suruali nene, glavu, kinga ya uso na ya masikio. Watoto na watazamaji wakae umbali wa mita 15 au zaidi, maana kijiwe kikirushwa na kisahani chaweza kumpofusha mtu.

Usifyeke kwa kupanda na kushuka. Tembea kwa kukata mteremko, kama mtu afuataye njia ya ubavuni mwa mlima. Anza chini, upande wa juu ukiwa kuliani kwako, na ufagie kutoka kulia kwenda kushoto. Hivyo majani yaliyokatwa huangukia chini, pale palipokwisha kusafishwa, nawe ukiteleza hutelezea mbali na kisahani. Ukifika mwisho, zima mashine, rudi ulikoanzia, kisha panda hatua moja uanze mstari mwingine. Kichaka kirefu kikate kwanza sehemu ya juu, ndipo umalizie shina. Usigonge shina kwa upande wa mbele kulia wa kisahani. Hapo mashine hurudi kwa nguvu na kumyumbisha aliyeishika. Na mahali ambapo huwezi kusimama bila kushika kitu, usipeleke mashine kabisa. Waachie mafundi wenye kamba za kujifungia.

Jambo la pili ni majira. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 inakataza kuharibu kwa makusudi kiota cha ndege kinachotumika, na ndege wengi hutaga kati ya Machi na Agosti. Septemba na Oktoba ni miezi mizuri, ila tazama kwanza chini ya majani, kwani kalunguyeye hujilaza humo. Ukiona mmea wa Kijapani wenye mashina yenye mafundo kama mianzi, usiuguse kwa mashine: kipande kidogo cha mzizi au shina huota upya, na utakuwa umeupanda bustani nzima. Mwite mtaalamu.

La mwisho ndilo kubwa. Furaha ya kuona pameng'aa huwafanya wengi wang'oe na visiki siku hiyo hiyo. Lakini mizizi ndiyo iliyoushika udongo, na mvua za baridi hazikawii. Udongo ukiporomoka, huenda ukaangukia ukuta wa jirani. Kata, acha visiki, panda nyasi katika sehemu zilizo wazi, kisha shughulikia mizizi kipande kwa kipande, mwaka baada ya mwaka. Vijana wa familia wakigawana siku, Jumamosi mbili tatu za vuli zatosha kwa bustani ya kadiri. Wawili waende pamoja, mmoja afyeke, mwenziwe asimame mbali akimwangalia, na mzee abaki dirishani na chai yake.