Surua Isiwapofushe Watoto Wetu

Mapema mwaka 2023 Taifa lilipokea habari za msiba kutoka Halmashauri ya Mpimbwe, mkoani Katavi. Surua ilikuwa imezuka huko, na watoto zaidi ya kumi walikuwa wamefariki dunia. Vifo hivyo vilihesabiwa, na ndivyo ilivyopasa. Lakini surua ina hasara nyingine isiyoingia katika daftari la vifo: mtoto anayepona homa akabaki kipofu.

Ugonjwa huu huenea kwa njia ya hewa. Hushambulia pua, koo na mapafu, na macho huwa mekundu tangu siku za mwanzo. Wakati huo huo huimaliza akiba ya vitamini A mwilini. Kwa mtoto asiyepata chakula bora, konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, hukauka, hupata kidonda, na huweza kutoboka kwa muda wa siku chache. Mara chache hudhurika hata mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo.

Kinga ya balaa hili tunaijua. Katika Hospitali ya Mvumi, Dodoma, watoto 180 wenye surua walichunguzwa, na matokeo yakatangazwa mwaka 1987. Kati ya 92 ambao hawakupewa vitamini A walikufa 12. Kati ya 88 waliopewa walikufa 6. Shirika la Afya Duniani linaagiza kila mgonjwa wa surua apewe vitamini hiyo siku mbili mfululizo, na mara ya tatu baadaye iwapo macho yameathirika.

Huenda ndugu zetu wa visiwani wakasema Mpimbwe ni mbali, na bahari iko kati. Surua haihitaji zaidi ya mgonjwa mmoja kupanda chombo.

Kwa hiyo tunawasihi wazazi wawapeleke watoto kuchanjwa wakiwa na miezi 9, na tena miezi 18. Mwenye surua apelekwe zahanati mara moja, wala asitiwe dawa za majani machoni. Viongozi nao hawana budi kuhakikisha kwamba vitamini A haikosekani katika zahanati yoyote, na kwamba chanjo inawafuata wakulima na wafugaji waishio mbali na barabara.

Si haki mtoto anusurike na surua, kisha aongozwe kwa fimbo maisha yake yote kwa kukosa dawa ya siku mbili.