Lebo ya Asali Isiseme Uongo

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ilitosha pale asali ilipouzwa na jirani kwa jirani, na kila mnunuzi aliujua mti ulikotundikwa mzinga na mkono ulioirina asali. Lakini asali ya Arua na Koboko siku hizi husafiri. Chupa iliyojazwa Koboko asubuhi yaweza kufika Kampala, au kuvuka mpaka hadi Ariwara katika Kongo, au Yei katika Sudan Kusini, mahali asipojulikana mrina wake. Huko chema hakijiuzi chenyewe. Husemewa na karatasi ndogo iliyobandikwa ubavuni mwa chupa. Karatasi hiyo ndiyo lebo.

Zamani lebo nzuri ilikuwa kazi ya kiwanda cha chapa, na kiwanda kilitaka mtu aagize maelfu kwa mara moja. Leo familia yenye mizinga michache yaweza kuchapa lebo 30 tu, zenye picha na maandishi yake yenyewe, kwa programu ya kompyuta na printa ndogo. Hii ni neema. Hata hivyo, chombo kile kile kichapacho ukweli kwa haraka huchapa uongo kwa haraka iyo hiyo.

NINI KIANDIKWE?

Lebo ya chakula hapana budi itaje jina la bidhaa, uzito wake halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya fungu, tarehe ya kufungashwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Msimamizi wa mambo hayo nchini ni Shirika la Taifa la Viwango, lijulikanalo kwa herufi UNBS, na yafaa kuuliza katika ofisi zake kabla ya kuanza biashara.

Askari hawana haja ya kufundishwa maana ya namba ya fungu. Wanajua kwamba masanduku ya risasi huwa na namba hiyo, ili fungu moja likionekana bovu liondolewe lote, na mengine yaendelee kutumika. Asali nayo ni vivyo hivyo. Ikiwa chupa moja imechachuka kwa kuwa ilirinwa ikiwa na maji mengi, namba ya fungu itaonyesha ni chupa zipi za kurudishwa. Pasipo namba, mnunuzi atazikataa zote.

Uzito nao una mtego. Asali ni nzito kuliko maji. Chupa ya nusu lita huchukua gramu 700 hivi za asali. Anayeandika gramu 500 kwa sababu tu chupa ni ya nusu lita anajipunja mwenyewe. Pima kwanza, kisha andika.

Na neno moja kwa akina mama: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali, kwa maana yaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo changa haliwezi kuvishinda. Onyo hilo lichapwe kwenye lebo, kwa Kiswahili pia. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 Kiswahili kimetajwa kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na ni lugha inayoeleweka sokoni pande zote za mpaka wetu.

KOMPYUTA HUFANYAJE KAZI HIYO?

Printa ya lebo haijui nyuki wala asali. Inajua nukta tu. Nyingi huchapa nukta 8 katika kila milimita. Kwa hiyo lebo yenye upana wa milimita 60 na urefu wa milimita 40 ni uwanja wa nukta 480 kwa 320. Programu huiambia printa: anza kutoka pembe ya juu kushoto, enda kulia nukta 40, shuka nukta 30, weka neno hili hapo. Picha ya nyuki yenye upana wa milimita 20 itachukua nukta 160. Afadhali mchoro wa mistari minene kuliko picha ya kamera, kwa kuwa printa hizi nyingi huchapa rangi moja tu, na sura yenye vivuli hugeuka doa jeusi.

Mwandishi mzuri wa programu hugawa lebo sehemu mbili. Ya kwanza ni yale yasiyobadilika: mchoro, jina, anwani na onyo. Hayo huandikwa mara moja na kuhifadhiwa. Ya pili ni yale yabadilikayo: uzito, namba ya fungu na tarehe. Hayo yatoke katika daftari la mavuno, yasitoke katika kumbukumbu ya mchapaji aliyechoka.

SAA ILIYORUDI NYUMA

Tuchukue mfano wa mama mmoja, mke wa askari, aliyeiachia programu ichukue tarehe kutoka katika saa ya kompyuta. Umeme unakatika, ukirudi, kompyuta kuukuu, ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa, inaamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita. Mama anachapa lebo 200 na kuzibandika zote. Dukani, mwenye duka anasoma kwamba asali imekwisha muda wake, naye anairudisha yote. Asali ilikuwa safi. Lebo ndiyo iliyoifisha, na karo ya watoto ilikuwa ndani ya chupa hizo.

Kinga yake ni sharti moja ndani ya programu: kama tarehe ya leo iko nyuma ya tarehe ya mavuno, au nyuma ya siku ya mwisho ya kuchapa, printa isichape hata lebo moja. Na kinga ya pili haihitaji kompyuta. Chapa lebo moja, mmoja aisome kwa sauti, mwingine afuate katika daftari. Zikilingana, ndipo zichapwe zilizobaki. Hakuna kikosi kiendacho gwarideni bila kukaguliwa.

Zaidi ya hayo, chagua karatasi kwa busara. Lebo zinazochapwa kwa joto pekee, kama risiti za dukani, hufifia zikikaa juani. Kwa meza za soko la Koboko hazifai. Zinazochapwa kwa utepe wa wino hudumu zaidi. Wala si lazima kila nyumba inunue printa: kikundi chaweza kuchangia moja, kila familia ikawa na namba yake ya fungu.

Ndugu msomaji, jina lako litafika mahali ambapo miguu yako haitafika. Litazame vizuri kabla hujalibandika.