Mahali pa Kukaa Uzeeni

Mtumishi wa Reli aliyepewa chumba Muthurwa, Nairobi, katika miaka ya 1950 alikuwa nacho kwa sababu ya kazi tu. Alipostaafu hakuwa na budi kukiacha. Je, aende wapi?

Kubaki mjini kulitaka fedha. Mishahara ilikuwa imekadiriwa kana kwamba kila mfanyakazi ni mseja, na mkewe na watoto wajilishe kwa jembe huko nyumbani. Mwaka 1954 halmashauri ya Bwana Carpenter ilishauri mshahara umtoshe mtu pamoja na jamaa yake. Shauri jema, ila kwa mzee lilikuwa limechelewa.

Basi wengi walitazama shamba. Lakini katika miaka iyo hiyo, kwa mpango wa Bwana Swynnerton, vipande vya ardhi vilivyotawanyika katika nchi ya Wakikuyu viliunganishwa, vikapimwa, vikaandikishwa. Asiyekuwapo wazee walipokuwa wakisikiliza madai aliweza kukuta sehemu yake imeandikwa kwa jina la nduguye. Wala jambo hilo halikuwa dogo, maana sheria ya ardhi ya mwaka 1963, iliyofutwa mwaka 2012, haikuruhusu mahakama kusahihisha maandikisho ya kwanza, hata yakiwa yamepatikana kwa hila. Mtu wa Muthurwa aliyeomba likizo ya siku chache ili asimame mpakani mwake siku ya kupima, huyo alikuwa amekwisha kuchagua mahali pake kabla ya uzee kufika.