Sauti ya Linux: Nani Achanganye?

Mwishoni mwa miaka ya 1990, ukipiga muziki kwenye kompyuta ya Linux kisha programu nyingine ikataka kutoa mlio, mara nyingi iliambulia jibu kwamba kifaa kinatumika. Kadi nyingi za sauti za bei nafuu zilipokea mkondo mmoja tu, na programu iliyotangulia ndiyo iliyoshika mlango. Mafahali wawili, zizi moja. Ubishi wa tangu hapo ni huu: kazi ya kuchanganya mikondo hiyo apewe nani?

Wapo wanaosema apewe kerneli, kiini cha mfumo endeshi. OSS, njia ya sauti iliyoanzishwa na Hannu Savolainen wa Finland, ilikuwa nyepesi kueleweka: programu inafungua /dev/dsp kama faili nyingine yoyote na kuandika sauti humo. FreeBSD, mfumo endeshi mwingine, inafuata njia hiyo hadi leo, na kerneli yake inachanganya yenyewe. Watu wa Linux walisita. Hitilafu ndani ya kerneli inaweza kuangusha mashine nzima. Hitilafu ya programu ya kawaida inazima muziki tu. Basi ALSA ya Jaroslav Kysela, iliyokuja na kerneli 2.6 mwaka 2003, ikaiachia kerneli mazungumzo na kadi, kuchanganya kukafanyika nje. OSS, ambayo toleo lake jipya lilikuwa limefungiwa msimbo, ilipofunguliwa tena mwaka 2007 ilikuta kiti kimeshakaliwa.

Lakini ugomvi mzito ulikuwa juu ya kusubiri. Sauti haipelekwi kwenye kadi tone kwa tone. Inakusanywa kwanza kwenye bafa, kama daladala inayongoja abiria kituoni. Kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 1,024 inachukua takriban milisekunde 21 kujaa. Ya sampuli 64 inachukua 1.3 tu. Anayesikiliza taarabu hajali: basi kubwa linamfaa, maana prosesa inapata nafasi ya kulala na betri inadumu. Mpiga kinanda anayepitisha ala yake kwenye kompyuta anataka bodaboda, kwani anabonyeza sasa na anataka kusikia sasa. Ila bodaboda haina subira: prosesa ikichelewa kidogo, sauti inakwaruza au kukatika.

Kwa hiyo zikawepo seva mbili za sauti, yaani programu za kuchanganya mikondo nje ya kerneli. PulseAudio ya Lennart Poettering, iliyoanza mwaka 2004, ilihudumia watu wa kawaida. JACK ya Paul Davis ilihudumia studio. Zote zilitaka kadi ileile, na mwanamuziki akawa mtu wa kuzima hii na kuwasha ile. PulseAudio ilipoingia katika matoleo ya Linux ya Fedora 8 na baadaye Ubuntu 8.04, ilitukanwa sana. Si matusi yote yaliyostahili: baadhi ya viendeshi vya kadi vilikuwa vikitoa taarifa zisizo sahihi za mahali kadi ilipofika katika kusoma bafa, na hapo awali hakuna aliyevibana kiasi hicho.

PipeWire ya Wim Taymans wa Red Hat ilianzia kwenye video, ikaja kushika sauti za Fedora 34 mwaka 2021. Inaongea lugha ya PulseAudio na ya JACK pia, na ukubwa wa bafa unafuata programu yenye haraka kuliko zote. Programu hiyo ikiondoka, basi kubwa linarudi. Chini yake viendeshi ni vilevile vya ALSA. Kwa maoni yangu haikushinda kwa unadhifu, kwani kwenye karatasi njia ya FreeBSD ni nyoofu zaidi. Ilishinda kwa sababu haikumtaka mwandishi wa programu yoyote aandike upya kazi yake.

Kama mashine yako inatumia PipeWire, andika pw-top kwenye dirisha la amri huku wimbo ukiendelea, kisha fungua programu ya kurekodia. Angalia safu ya QUANT: namba ya hapo ndiyo saizi ya basi, na huenda ukaiona ikishuka mbele ya macho yako.