Waya za kengele ya hatari: nani aseme, nani asikie



Vijana mafundi wakiwaletea mpango wa kengele ya hatari, yaani kitufe kinachotuma ujumbe kwenye simu za viongozi usiku, tunawaomba mwaulize kwanza habari ya waya. Ndani yake mna chipu ndogo inayopangwa kwa kompyuta, na kando modemu ya simu. Viwili hivi huongea kwa waya mbili, alama moja nyuma ya nyingine. Mguu wa kusema wa chipu, wenye alama TX, huungwa na mguu wa kusikia wa modemu, RX. Na wa modemu vilevile. Mkiunga kusema kwa kusema, vyote vinapiga kelele na hakuna kinachosikia. Waya hasi iwe ya pamoja, na mwendo uwe mmoja, kwa mfano biti 9600 kwa sekunde.

Kwenye Arduino Uno kazi hiyo ni ya miguu 0 na 1, ambayo kompyuta pia huitumia kupakia programu. Modemu ikikaa hapo, zinagombana. Sisi twapendelea ESP32, kwa sababu programu yenyewe huchagua mguu gani useme. Lakini miguu 34 hadi 39 husikia tu, na 6 hadi 11 kwa kawaida imeshikwa na kumbukumbu ya chipu.

Chaguo hilo halionekani kwa macho. Liandikwe kwenye karatasi, libandikwe ndani ya sanduku, kwani fundi naye anaweza kukimbia na wengine. Tena kengele ijaribiwe kila juma, mchana, watu wote wakiwa wamejulishwa ili wasikimbie bure.