Ngumi za kichwa: kijana akisema “niko sawa”, usimwachie aamue yeye

Leo nazungumza hasa na wazazi. Vijana wetu wengi hapa Sydney wanajifunza masumbwi na kikiboksi. Mazoezi haya yana faida zake: yanajenga mwili na nidhamu, tena yanamweka kijana mbali na vijiwe. Lakini ubongo si msuli. Haukomai kwa kupigwa.

NINI HUTOKEA NDANI YA KICHWA?

Chukua nazi uitikise. Kifuu hakina hata ufa, lakini unasikia maji yakigonga ndani. Ubongo nao umezungukwa na majimaji ndani ya fuvu, na ngumi ikigeuza kichwa ghafla, hutikisika. Huo ndio mtikisiko wa ubongo, na hutokea hata kama mtu hakuzimia. Mara nyingine mishipa midogo hukatika, damu ikajikusanya taratibu na kuubana ubongo. Mtu huyo anaweza kutembea na kuongea, kisha akaanguka baada ya dakika au saa kadhaa. Kofia ya mazoezi hupunguza kuchanika kwa ngozi, ila haizuii mtikisiko.

Sasa fikiria: ubongo ulioumia ndio huohuo unaoulizwa, “Uko sawa?” Jibu lake utaliaminije?

MIFANO MIWILI

Robert Wangila ndiye Mkenya pekee aliyetwaa dhahabu ya ndondi katika Olimpiki, Seoul 1988. Julai 1994, akiwa Las Vegas, refa alisimamisha pambano lake katika raundi ya 9. Wangila alilalamika kwamba bado anaweza kupigana. Alifika chumba cha kubadilishia nguo, akapoteza fahamu, na akafariki siku mbili baada ya pambano. Alikuwa na miaka 26.

Hapa kwetu, Septemba 2015, Davey Browne aliangushwa katika raundi ya 12, ya mwisho, kwenye pambano lililofanyika Ingleburn. Alifariki siku chache baadaye, akiwa na miaka 28. Mwaka 2017 hakimu wa uchunguzi wa vifo wa NSW alisema pambano lilipaswa kusimamishwa baada ya raundi ya 11, kwa sababu dalili zilikuwa zimeshaonekana.

Hao walikuwa mabondia wa kulipwa, wenye refa na daktari ukumbini. Mwanao anayesparingi Jumanne jioni ana nani?

PIGA 000 MARA MOJA UKIONA:

- kichwa kinachozidi kuuma
- kutapika zaidi ya mara moja
- degedege, au kuzimia
- usingizi mzito, haamki vizuri
- kuchanganyikiwa, au maneno kutotamkika
- mkono au mguu kulegea, kuona viwili viwili

Usichelewe kwa kuogopa bili: wenye Health Care Card hawalipi ambulensi hapa NSW. Kama Kiingereza kinakusumbua, sema “ambulance”, kisha “Swahili”, utaunganishwa na mkalimani.

KAMA DALILI NI NDOGO

Kizunguzungu, kusahau, hasira zisizo za kawaida: aache mazoezi siku hiyohiyo na aonwe na daktari. Asikae peke yake kwa saa 24, asiendeshe gari, asinywe pombe. Kwa maumivu mpe paracetamol, si aspirini wala ibuprofen, kwani hizo zinaweza kuongeza kutoka damu. Kwa ushauri wa muuguzi saa yoyote piga 1800 022 222. Kwa mkalimani anza na 131 450.

Mwongozo wa Australian Institute of Sport wa 2024 unataka kijana wa chini ya miaka 19 akae siku 14 bila dalili yoyote kabla ya kurudi kwenye mazoezi ya kugusana, na zisipungue siku 21 kabla ya mashindano. Pigo la pili kabla hajapona ni la hatari zaidi. Na ngumi nyingi za miaka mingi, hata zile zisizoangusha, zinaweza kuharibu kumbukumbu na tabia ya mtu uzeeni.

MUULIZE KOCHA

Wanapigana kichwani mara ngapi kwa wiki? Nani ana mamlaka ya kusimamisha? Kijana akiumia, nani anampigia mzazi simu? Kocha akikasirishwa na maswali haya, tafuta jimu nyingine.

Kinga ni bora kuliko tiba, na ubongo hauna wa akiba.