Shukrani Isemwe kwa Kinywa

Wageni wanaopanda Kilimanjaro kutembelea sharika zetu hurudi mjini na lawama ileile: watu wa kule hawasemi ukweli wa hali zao. Ukimwuliza mama aliyefiwa na ng'ombe juzi, "Habari za hapa?", anakujibu, "Nzuri, tunamshukuru Mungu." Ukimwuliza aliyelazwa mwezi mzima, naye anashukuru. Basi mgeni anaandika kwamba dini imewafundisha maskini kuficha maumivu yao. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi, na kila mara naona kwamba mwandishi aliondoka kabla mazungumzo hayajaanza.

Angesubiri kidogo. Mama angemletea kigoda, angeuliza amewaachaje watu wa kwao, ndipo angesema: "Tunamshukuru Mungu, ila yule ng'ombe mwenye mimba hatunaye tena." Kwetu shukrani hutangulia na shida hufuata, na zote mbili ni kweli. Anayeanza na shida huonekana amemtwika mgeni mzigo hata hajaketi.

Mazoea haya yana historia. Wazee wetu walimjua na kumshukuru Mungu, waliyemwita Ruwa, kabla hajafika Mzungu yeyote. Wamisionari wa Leipzig walipofika mwaka 1893 walileta pia Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, ya mwaka 1529. Humo mna sala ya asubuhi na ya jioni, na za mezani zikiwa mbili: ya kabla ya kula na ya baada ya kula. Kisha ukaja Uamsho, ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda na Bukoba. Ulipotufikia, mama ambaye hajawahi kushika kitabu mbele ya watu alisimama katikati ya washarika akasema mwenyewe Bwana amemtendea nini. Wapo wanaocheka kwamba ushuhuda wa wanauamsho huanza kwa maneno yaleyale kila wiki. Huanza hivyo, ndiyo, lakini wasikilize unaendeleaje.

Katika nyumba niliyolelewa, sala ya jioni ilifanyika jikoni, moto ukiwa bado unawaka. Bibi alianza na mdogo kuliko wote. Kila mtoto alitaja jambo moja la siku hiyo, na masharti yalikuwa mawili: usirudie la mwenzako, na usiseme "kwa yote". Ukisema unamshukuru Mungu kwa yote, bibi alinyamaza kwanza, kisha akauliza, "Yote gani, mjukuu wangu?" Hapo unairudia siku yako, unaipekua. Mmoja anashukuru kwa kuwa zamu ya maji ya mfereji imefika kwenye kihamba chetu na hakuna aliyegombana. Mwingine anashukuru kwa kuwa mwenzake darasani alimkatia nusu ya penseli. Wa mwisho ndiye aliyepata shida, kwani mengi yameshasemwa, naye aliachwa atafute hadi apate. Hakuna aliyemsaidia.

Mtoto anayejua kwamba jioni ataulizwa huanza kutazama tangu mchana. Bibi hakuwahi kutueleza hivyo, wala hakuhubiri juu ya shukrani. Alituuliza tu, kila siku, hadi macho yetu yakazoea kutafuta.

Jioni tuliyorudi kutoka kumzika mtoto wa baba mdogo, tulidhani hatatuuliza. Alituuliza. Hakuna aliyeweza kusema kitu, akaanza yeye: akamtaja aliyeleta kuni, waliochota maji, vijana waliochimba kaburi kwenye mvua, jirani ambaye tulikuwa na kesi naye ya mpaka na bado akaja na mkungu wa ndizi. Hakukishukuru kifo. Alimshukuru Mungu kwa watu aliowatuma, akawataja mmoja mmoja kwa majina, huku analia. Anayesema shukrani zetu zinaficha maumivu angekaa jikoni mle jioni ile.

Sala ya baada ya kula imekufa kabisa, nami naililia kuliko nyingine zote. Ile ya kabla ya kula ipo bado, ingawa husemwa mbiombio ndizi zisipoe. Mkishamaliza, televisheni inawashwa, watoto wanatawanyika na simu zao, na vyombo vinabaki mezani kama mashahidi wasioitwa. Mwenye njaa kuomba si kazi, kwani njaa yenyewe inamsukuma. Aliyeshiba hasukumwi na kitu. Akishukuru, ni kwa sababu amefundishwa kukumbuka, na watoto wetu hatukuwafundisha.

Nao mnada wa mavuno vijana wa mjini wanauita biashara kanisani. Laiti wangekaa hadi mwisho. Watu hutoka ibadani, na nje kuna mikungu ya mshare, mahindi ya shamba la tambarare, kahawa, maziwa, kuku aliyefungwa miguu kwa ganda la mgomba. Mzee wa kanisa huinua yai moja juu ya vichwa vya watu. Ni la mjane ambaye kuku wake ndio kwanza ameanza kutaga. Bei inaanza na mia tano. Mwalimu anaongeza, mwenye duka anaongeza, kwaya inaingilia, yai linafika elfu kumi. Aliyelinunua anasema, "Lirudi mnadani," linanadiwa upya. Mwishowe anayelichukua analipeleka kwa mama aliyejifungua juzi. Huyo mnunuzi kwake ana kuku tele. Hakuhitaji yai, alitaka kuingia katika shukrani ya mjane yule, na mjane amekaa palepale anaona jinsi sadaka yake ilivyopokewa. Biashara gani hiyo, ambamo mnunuzi anatafuta kulipa zaidi?

Siku hizi bahasha inakula nafasi hiyo. Najua sababu zake: fedha huhesabika upesi, karani huandika vizuri, ibada ya pili inangoja mlangoni, na paa la kanisa halijengwi kwa mayai. Lakini bahasha huingia kikapuni imefungwa, na Jumapili inayofuata tunasomewa jumla. Washarika hawajui aliyetoa ameponywa nini, wala hawana la kushangilia pamoja naye.

Wazee wa kanisa wanapopanga ratiba ya mavuno ya mwaka huu, naomba mnada usipunguzwe ili kuokoa muda. Na mama aliyejifungua salama, akija kanisani kwa mara ya kwanza, asimame mbele na mtoto wake aseme mwenyewe, badala ya kusomewa maandishi ya juu ya bahasha. Akilia katikati ya maneno, ibada ya pili ingoje.